Caesar wa suti na tai ndefu: watu walikasirikia mavazi au waliikasirikia tamthilia yenyewe?

#1 Pazia_Jekundu
Wakuu salama. Hili jambo nimelibeba muda mrefu, leo nalitua hapa tulijadili.

Mwaka 2017 New York, Public Theater waliweka Julius Caesar kwenye ukumbi wa wazi wa Delacorte, ndani ya Central Park, mwongozaji Oskar Eustis. Maleba yote ya kisasa. Caesar wao, Gregg Henry, alivaa suti ya bluu na tai ndefu inayopita mkanda, nywele za dhahabu, mke wake Calpurnia anaongea kwa lafudhi ya Ulaya Mashariki. Yaani hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba huyu ni Donald Trump, rais wa Marekani wakati ule. Halafu ikafika pale Seneti, akachomwa visu kama Shakespeare alivyoandika. Delta wakaondoa udhamini wao wote, Bank of America wakajitoa kwenye onyesho hilo, na kabla halijamalizika watu wakavamia jukwaa.

Dai langu ni hili: mavazi hayana kesi. Suti ilifanya tu watu waisikie tamthilia ya 1599 kwa mara ya kwanza, na walichosikia kikawatisha. Waliokasirika walimkasirikia Shakespeare bila kujua. Mnasemaje?

#2 kitabu_wazi
Mada nzito, naweka kiti hapa mbele.

#3 Mwana_Hoja
Mleta mada nakupinga mapema kabisa. Kuna mavazi ya kisasa na kuna kumwiga mtu, ni vitu viwili tofauti na wewe umevitia kwenye kapu moja. Ukimvisha Caesar suti tu, mtazamaji anawaza viongozi wote anaowajua, wa kwake na wa jirani. Ukimwekea nywele na tai na mke wa mtu fulani, umemfungia dirisha, anamuona huyo mmoja tu. Hapo tanzia inageuka katuni ya gazetini. Tena waliongeza maneno! Casca, mmoja wa waliokula njama, anaposema Caesar hata angewachoma visu mama zao watu wangemsamehe, wao wakapachika "pale Fifth Avenue". Sasa Fifth Avenue, mtaa wa New York, inatafuta nini Roma? Wahakiki hawakuwa na makosa kusema mfanano umezidi.

#4 Nyota_ya_Jukwaa
Mwana_Hoja nikuulize kitu. 2012 ukumbi wa Guthrie kule Minneapolis waliweka Julius Caesar hiyohiyo, mavazi ya kisasa, Caesar mwanasiasa mweusi mrefu mwembamba anayefanana na Obama, rais aliyekuwepo wakati ule, na yeye akachomwa visu kila usiku. Mbona hakuna mdhamini aliyesikika akikimbia? Mfanano ulikuwepo, kisu kilikuwepo, kelele hazikuwepo. Kwa hiyo nadharia yako ya mfanano inakwama hapo.

#5 Mwana_Hoja
Haikwami dada. Ile ya 2012 ilikuwa inadokeza, hii ya 2017 ilikuwa inapiga kelele. Kudokeza na kupiga kelele sio sawa.

#6 BabuWaTamthilia
Vijana hamjambo. Mnabishana kana kwamba jambo hili lilianza juzi. Barry Jackson wa Birmingham alileta Hamlet ya mavazi ya kisasa London mwaka 1925, pale Kingsway, mwongozaji H. K. Ayliff. Watu wanavuta sigara jukwaani, wanavaa suti za jioni, Ophelia sketi fupi ya wakati ule. Wengine walikwenda ili wacheke. Lakini wahakiki kadhaa walitoka wakisema kwa mara ya kwanza Claudius na Polonius ni watu kweli, mfalme anayejua kazi yake na mzee wa serikali mwenye akili, si jitu la uovu na kichekesho kama walivyozoea.

Halafu 1928 Jackson huyohuyo akajaribu Macbeth kwa mtindo uleule, ikapondwa vibaya. Mtu mmoja, wazo moja, matokeo mbalimbali. Kwa hiyo msitafute jibu kwenye nguo peke yake, tazameni na tamthilia yenyewe inabeba nini. Hamlet ni nyumba na familia, suti inaingia. Macbeth ina wachawi na utabiri, ukiwaleta kwenye dunia ya simu na magari lazima uamue wao ni nani.

#7 Pazia_Jekundu
Shikamoo babu, asante kwa historia. Ila Rupert Goold alilimaliza hilo tatizo la wachawi 2007, Chichester, Patrick Stewart akiwa Macbeth. Dunia yake ni ya udikteta wa karne ya 20, wachawi ni manesi wa hospitali ya vita. Hadhira ilitetemeka na wahakiki wengi walikubali. Kwa hiyo Macbeth inawezekana, inataka mwongozaji aliyefikiri mpaka mwisho.

#8 fundi_cherehani
Mimi nazungumza kama mtu wa nguo, nimeshashona maleba ya michezo kadhaa, ya kizamani na ya kisasa. Kitu ambacho wahakiki hawakigusi ni kwamba nguo inabadilisha mwili wa mwigizaji. Toga, lile shuka la Kirumi, lazima uishike kwa mkono mmoja, usipoishika inaanguka, kwa hiyo mtu anasimama wima na anatembea polepole na sauti nayo inashuka. Ukimpa suti anaingiza mikono mfukoni siku ya kwanza ya mazoezi, na mashairi yanaanza kusemwa haraka haraka kama mtu anayeongea na simu. Waongozaji wengi hawapambani na hilo. Ndo maana unasikia watazamaji wanalalamika "hatukusikia maneno" wanadhani ni lugha ngumu, kumbe ni mifuko. Mimi suruali za Brutus niliwahi kuziziba mifuko kwa kushona, mwigizaji alininunia wiki nzima lakini siku ya onyesho alisikika mpaka viti vya nyuma.

#9 kitabu_wazi
Fundi hapo umenena. Sijawahi kuisoma hiyo kwenye uhakiki wowote.

#10 DktKalamu
Naomba nirudi kwenye #1. Kusema suti ilifanya watu waisikie tamthilia si sahihi, kwa sababu wengi wa waliokasirika hawakuiona. Delacorte inaingiza watu kama 1,800 kwa usiku na onyesho lilidumu wiki chache tu. Mamilioni waliona klipu ya mauaji kwenye televisheni na mitandaoni. Sasa tazama umbo la tamthilia: Caesar anauawa tendo la tatu, onyesho la kwanza, katikati kabisa. Baada ya hapo kuna matendo mawili na zaidi ya adhabu. Umati unamrarua mshairi Cinna kwa sababu tu jina lake ni la mmoja wa waliokula njama, jamhuri inakufa, Brutus na Cassius, viongozi wa njama, wanajiua. Eustis mwenyewe alieleza kwamba tamthilia inawaonya wanaotaka kuitetea demokrasia kwa njia zisizo za kidemokrasia. Mtu wa klipu hajapata hata neno moja la onyo hilo, ameona kisu akazima.

Ushahidi zaidi: makundi mengine ya Shakespeare Marekani, ya Massachusetts na Texas, yalitumiwa matusi na vitisho kwa onyesho ambalo hawakuhusika nalo kabisa. Walitukanwa kwa sababu jina la Shakespeare limo kwenye jina lao! Huyo mtu ametazama mavazi gani?

#11 Nyota_ya_Jukwaa
Hiyo ya kutukanwa kwa kufanana jina si ndiyo Cinna mshairi mwenyewe? Yaani tamthilia ilitoka jukwaani ikaingia mtaani.

#12 DktKalamu
Ndiyo, na inaniumiza kila nikiikumbuka.

#13 mkosoaji_mtulivu
Daktari, heshima kwako, lakini hoja ya klipu haitoshi. Ijumaa ya tarehe 16 Juni yule mwanamke aliyepanda jukwaani wakati wa mauaji alikuwa ndani, na mwenzake alisimama kwenye viti akipiga kelele. Hao hawakuwa watu wa klipu. Na kuna jambo mmelisahau wote, Eustis alipanda waigizaji katikati ya watazamaji ambao kazi yao ni kusimama na kupiga kelele kama raia wa Roma. Kwa hiyo waliokaa karibu, kwa sekunde kadhaa, hawakujua nani ni mwigizaji na nani amekuja kuvuruga. Onyesho likasimamishwa, sauti ikatoka kwenye spika, walinzi wakamtoa, wakaendelea palepale na hadhira ikasimama kushangilia.

Mimi nadhani shida iko hapo, ukuta kati ya hadhira na jukwaa uliondolewa kwa makusudi. Ukiondoa ukuta, usishangae mtu akipita.

#14 Mwana_Hoja
Mkuu unataka kusema waliovamia walikuwa na haki?

#15 mkosoaji_mtulivu
Sijasema haki. Nimeeleza kilivyotokea.

#16 TiketiMfukoni
Nyie wote mnazunguka, jibu ni hela. Delacorte ni bure, mtazamaji halipi, tangu 1962. Kwa hiyo anayelipa ni mdhamini, na mdhamini ana wateja wa vyama vyote. Akiona moto anakimbia, na akikimbia ndo inakuwa habari kubwa na wengine wanapata ujasiri wa kwenda kuvuruga. Angalia Othello ya Broadway 2025, Denzel Washington na Jake Gyllenhaal, mwongozaji Kenny Leon, wanajeshi wamevaa kombati, wameandika "siku za usoni zilizo karibu". Tiketi za viti vya mbele zilifika dola 921! Wiki moja ya maonyesho ya awali iliingiza zaidi ya dola milioni 2.8. Wahakiki wengi walisema limepooza, tuzo za Tony hazikulipatia hata uteuzi mmoja, na watu waliendelea kujaa. Pale hadhira ndo mdhamini. Mhakiki aseme atakavyo.

#17 fundi_cherehani
Dola 921 kumuona mtu amevaa kombati ambazo mtaani zipo.

#18 MwalimuWaFasihi
Ngoja niwaambie kuhusu kombati maana mnazidharau. Nafundisha Othello kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi wananiuliza swali moja, Iago ana hasira ya nini hasa? Kwenye picha za mavazi ya kale wote wamevaa sawa, kola na panga, nani anajua cheo? Nikawaonyesha rekodi ya National Theatre ya 2013, mwongozaji Nicholas Hytner, Adrian Lester ndiye Othello, yule jenerali mweusi, Rory Kinnear ndiye Iago, ofisa wake anayemchukia, kambi ya jeshi la leo. Wakaona vyeo kwenye nguo. Kijana ofisa amepandishwa, mkongwe wa vita, Iago, ameachwa. Hakuna aliyeuliza tena.

Na kule Cyprus, ile kambi yenye vyumba vya mabati na taa kali, Desdemona, mke wa Othello, ni raia pekee kati ya askari, hana pa kwenda wala rafiki. Emilia, mke wa Iago, mwenyewe kavaa sare, yaani hata yeye ana mabosi. Unaelewa kwa nini alimpa mumewe kitambaa cha Desdemona bila kuuliza maswali mengi. Nimesoma maelezo mengi ya kitambaa kile, hakuna lililonishika kama ile sare.

#19 Chura_wa_Mto
Mbona hamumtaji yule Mtanzania aliyecheza Othello pale RSC (Royal Shakespeare Company, kundi la Uingereza)? Mnasifia wengine tu

#20 MwalimuWaFasihi
Unamsema Lucian Msamati bila shaka, wazazi wake ni Watanzania, amekulia Zimbabwe. Lakini hakucheza Othello, alicheza Iago, mwaka 2015, mwongozaji Iqbal Khan, na Othello alikuwa Hugh Quarshie. Ndiye Iago wa kwanza mweusi kwenye RSC. Hiyo nayo ilikuwa ya mavazi ya kisasa, ina mpaka mateso ya mfungwa jukwaani.

#21 Chura_wa_Mto
Aisee Iago kabisa! Hapo tamthilia yote si inageuka? Maneno yake ya ubaguzi yanatoka kwa mtu mweusi mwenzake

#22 MwalimuWaFasihi
Ndiyo, na wahakiki waligawanyika hapohapo. Wapo walioona chuki inakuwa ya ndani zaidi, ya mtu aliyedhani huyu ni wangu kisha akarukwa. Wapo waliosema ubaguzi, ambao ndio mfupa wa tamthilia, umelegezwa. Mimi nasimama na wa kwanza, nisiwafiche.

#23 BabuWaTamthilia
Sasa niwape kesi inayoharibu hoja za pande zote. Johannesburg, 1987, Market Theatre. Janet Suzman anaongoza Othello, John Kani ndiye Othello, Desdemona ni Joanna Weinberg, mzungu. Mavazi ni ya KALE. Hakuna suti wala kombati wala simu. Lakini sheria iliyokataza ndoa za watu wa rangi tofauti ilikuwa imefutwa miaka miwili tu nyuma, na ubaguzi wenyewe bado unatawala. Kani anambusu Desdemona, watu wanainuka kwenye viti wanaondoka. Barua za chuki zikaja. Haya niambieni, hapo nguo zilifanya nini?

#24 Pazia_Jekundu
Babu hapo umenisaidia mimi! Ndicho ninachosema toka #1, ni tamthilia, si nguo.

#25 Mwana_Hoja
Hapana, amenisaidia mimi. Johannesburg hawakuhitaji kumwiga mtu yeyote na bado iliuma. Nguvu ilitoka kwa hadhira kujaza wenyewe. New York waliwajazia watu majibu.

#26 BabuWaTamthilia
Mmoja baada ya mwingine mnajitwalia kesi yangu.

#27 DktKalamu
Na kuna ya zamani kuliko zote. Februari 1601, wafuasi wa Essex, mtukufu wa Uingereza enzi za Malkia Elizabeth, waliwalipa waigizaji wa kundi la Shakespeare shilingi 40 juu ya malipo ya kawaida wacheze Richard II, tamthilia ya mfalme kuvuliwa taji. Kesho yake wakaasi, wakashindwa. Augustine Phillips wa kundi lile akahojiwa, na waigizaji wakaachiwa, wakacheza tena mbele ya Malkia usiku wa kuamkia siku Essex aliyokatwa kichwa. Elizabeth mwenyewe inasemekana alimwambia mtunza kumbukumbu zake kwamba Richard II ni yeye. Mfalme wa miaka 200 nyuma, na Malkia akajiona.

#28 kitabu_wazi
Hapo nywele zimenisimama. Ila wakati ule si walikuwa wanavaa nguo za kisasa chao? Nimesikia Shakespeare hakuwahi kutumia mavazi ya kihistoria kabisa, kwa hiyo "mavazi ya kale" ndiyo uzushi wa baadaye.

#29 DktKalamu
Karibu sawa, lakini "kabisa" ondoa. Kuna mchoro wa Henry Peacham wa miaka ya 1590 wa Titus Andronicus, Titus amevaa kitu kama toga, askari pembeni yake wamevaa kama Waingereza wa siku zile. Walichanganya. Na katika Julius Caesar yenyewe saa inagonga, Roma haikuwa na saa za kugonga. Mchanganyiko ndio ulikuwa desturi.

#30 TiketiMfukoni
Mchanganyiko kama Hamlet ya nyota wa filamu Benedict Cumberbatch pale Barbican, London, 2015, wengine koti la kijeshi wengine fulana. Ile nayo ilizua vurugu lakini sio kwa nguo, ni kwa sababu hotuba maarufu ya Hamlet, "kuwa au kutokuwa", ilihamishwa ikawa mwanzo kabisa wa onyesho, magazeti yakahakiki kabla ya usiku rasmi wa ufunguzi, mashabiki wakachukia wahakiki, wahakiki wakachukia mashabiki, na mwongozaji Lyndsey Turner akaitoa pale mwanzo kabla ya ufunguzi. Mimi niliiona sinemani ikirushwa moja kwa moja baadaye. Waliokaa karibu yangu walimjua yeye tu, Shakespeare hawakuwa na habari naye, na walipofika pale kaburini walikuwa wanalia. Nani aniambie hao si hadhira?

#31 mkosoaji_mtulivu
Ni hadhira. Lakini kilio si uhakiki.

#32 TiketiMfukoni
Na uhakiki bila kilio ni nini mkuu?

#33 Nyota_ya_Jukwaa
Jamani tusitoke kwenye njia. Mimi nataka Orson Welles aingie humu, maana ndiye baba wa jambo hili. New York, Novemba 1937, Mercury Theatre, Julius Caesar ya sare za kifashisti, ukuta mtupu wa matofali nyuma, taa zinapiga kutoka chini kwenda juu kama mikutano ya Wanazi kule Nuremberg. Maonyesho 157. Na kilichowashika watu zaidi hakikuwa kifo cha Caesar, kilikuwa kifo cha Cinna mshairi, aliyeigizwa na Norman Lloyd, anatoa karatasi za mashairi yake mfukoni huku watu wanamzunguka kimya kimya mpaka wanammeza. Kipande hicho wengine walikuwa wanakikata! Welles alikirudisha, akakifanya moyo wa onyesho.

Ona sasa tofauti. Caesar wa Welles aliwakumbusha watu Mussolini, lakini Welles hakuishia kwake. Alivisha *umati*. Eustis alimvisha mtu mmoja. Labda swali la mleta mada lingekuwa, unamvisha nani nguo za leo?

#34 Mwana_Hoja
Dada hapo umesema nililotaka kusema toka #3.

#35 Pazia_Jekundu
Nyota hoja yako nzuri sana, lakini sikubali yote. Hytner aliweka Julius Caesar pale Bridge Theatre London 2018, Caesar na kofia nyekundu ya mikutano ya siasa, mfanano upo mbele ya macho. Mamia ya watazamaji wamesimama chini, jukwaa linainuka kati yao, wanasukumwa huku na huku kama umati wa Roma. Amemvisha mtu NA amevisha umati. Hakuna aliyevamia, hakuna mdhamini aliyekimbia kwa kelele. Kwa hiyo bado hujaniambia kwa nini New York ikawa vile.

#36 TiketiMfukoni
London sio nchi ya yule rais, kwisha.

#37 fundi_cherehani
Ile ya Bridge nina ugomvi nayo. Walimuua Caesar kwa bastola. Naelewa, nguo za leo, silaha ya leo. Lakini Brutus anasema wainame waoshe mikono kwenye damu ya Caesar mpaka viwikoni. Kisu kinakuleta karibu, unamshika mtu unapomuua, damu inakurukia, ndio maana mikono inakuwa na maana. Bastola unasimama mbali, damu haijakufikia, inabidi uifuate makusudi.

#38 mkosoaji_mtulivu
Si ndiyo inatisha zaidi? Kuifuata damu makusudi kunaonyesha kwamba Brutus anataka ibada, hataki mauaji ya kawaida. "Tuwe watoaji sadaka, si wachinjaji," anasema.

#39 fundi_cherehani
Basi na kidonda cha Casca utakionyeshaje? Antony, rafiki wa Caesar, anainua joho la marehemu anaonyesha kila tundu, hapa alipita Cassius, hapa Casca, hapa Brutus, na kila tundu lina mwenyewe. Tundu za risasi kwenye koti zote zinafanana. Nimetengeneza lile joho mara mbili, kila mpasuo nilikata kwa kisu tofauti ili mwigizaji azijue kwa vidole bila kutazama.

#40 Chura_wa_Mto
Fundi weka picha ya hilo joho tafadhali. Na mimi naomba anayejua, kuna Julius Caesar yoyote iliyowekwa Afrika ya leo?

#41 BabuWaTamthilia
Ipo. RSC, 2012, Gregory Doran, waigizaji wote weusi, Paterson Joseph akiwa Brutus, Ray Fearon akiwa Antony. Nchi haikutajwa. Na historia ilikuwa nyuma yake, Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia hii kwa Kiswahili ikatoka 1963 akiwa Rais, na Mandela Robben Island alitia saini yake 16 Desemba 1977 pembeni ya maneno ya Caesar kwamba waoga hufa mara nyingi kabla ya kufa.

#42 Mwana_Hoja
Angalia, babu! Mandela alichagua maneno ya *Caesar*, yule anayeuawa. Mwingine angechagua ya Brutus. Na mimi ile ya Doran, pamoja na uzuri wake wote, nchi isiyotajwa inanikera, inakuwa Afrika ya jumla jumla, mtu wa mbali anaondoka akidhani wote tuko vile. Hapo ningetaka mfanano zaidi, sio pungufu.

#43 Nyota_ya_Jukwaa
Eti ungetaka mfanano zaidi! Mwana_Hoja wa #3 yuko wapi, aitwe aje ajibu.

#44 Mwana_Hoja
Mahali na mtu ni vitu viwili. Nchi ukiitaja unapata sheria zake, vyeo vyake, watu wake. Mtu ukimwiga unapata nywele tu. Nitaiandikia vizuri nikitoka kazini.

#45 fundi_cherehani
Chura, picha ya joho naitafuta kwenye simu ya zamani, nikiipata naiweka humuhumu.